Kangomba ya Viwanja

Tunapotaja utamaduni wa watu wa kusini, aghalabu mawazo ya msomaji hukimbilia vinyago vya Wamakonde, ngoma ya sindimba na sherehe za unyago. Ni wachache wakumbukao nyumba. Lakini nyumba, na namna mtu anavyopata mahali pa kuijenga, na majirani anaowakuta hapo, ni sehemu ya utamaduni isiyopungua kinyago kwa lolote. Kinyago chaweza kuuzwa na kingine kikachongwa. Kijiji kikishauzwa hakichongwi tena. Katika makala haya twataka kusema juu ya ununuzi wa viwanja na nyumba katika miji yetu inayochipukia, na mfano wetu ni njiapanda ya Nanganga, wilayani Masasi.

Nanganga ipo katika barabara kuu itokayo Mingoyo kwenda Masasi, chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Hapo ndipo njia ya Ruangwa inapoungana na barabara hiyo. Kwa miaka mingi wasafiri wengi walipapita tu, wakiwa na haraka ya kufika Ndanda au Mtwara. Tangu njia hiyo ya Ruangwa, yenye urefu wa kilometa zipatazo 53, ilipoingizwa katika mpango wa kuwekewa lami, na tangu habari za madini ya kinywe yaliyoko Ruangwa zilipoanza kuenea, mahali kama hapa pamepata jina jipya: eneo linalokua. Maneno hayo mawili yanastahili kuchunguzwa, kwa sababu dalali akishayatamka, shamba huanza kuitwa kiwanja, mkorosho huitwa kizuizi, na mwenyeji huitwa muuzaji.

Katika wilaya za Masasi, Newala na Tandahimba neno kangomba halihitaji kufasiriwa. Kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine, tuseme kwamba ni biashara ya mlanguzi amwendeaye mkulima wakati wa shida, nje ya utaratibu wa chama cha ushirika, akachukua korosho zake kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei ndogo, pengine zingali mtini. Wananchi na serikali wamepambana na biashara hiyo kwa muda mrefu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika korosho mwaka 2007, na mwaka 2018, wakulima walipozikataa bei za minada, serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kila aliyeshukiwa kuwa ni mtu wa kangomba akatakiwa kwanza aonyeshe shamba lake. Jambo la kushangaza ni kwamba sisi tuliokwisha kuelewa ubaya wa kangomba ya korosho hatujautambua ubaya wa kangomba ya ardhi. Huu ndio ubishi wetu: uuzaji wa viwanja unavyoendeshwa katika njiapanda zetu nyingi ni kangomba ile ile, na inafaa ipigwe vita kwa nguvu zile zile.

Hebu tulinganishe. Korosho huvunwa kuanzia mwezi wa Oktoba. Fedha zake hukaa kitambo, kisha huisha. Ifikapo Februari au Machi mtoto amekwisha kufungua shule, chakula cha mwaka jana kimepungua, na mgonjwa hangoji msimu. Wakati huo ndipo mnunuzi hufika. Katika kangomba ya korosho kipimo ni bakuli la mlanguzi. Katika kangomba ya viwanja kipimo ni hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, na anayepiga hatua ni yule mwenye miguu mirefu. Katika ile ya kwanza bei hupangwa na njaa ya muuzaji, wala haipangwi na thamani ya zao. Katika hii ya pili bei hupangwa na ada ya shule, wala haipangwi na barabara ijayo. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: mkorosho utazaa tena mwakani, bali ardhi haizai ardhi.

Wapo wasemao kwamba kila mtu ana haki ya kuuza kilicho chake. Twawauliza: ni chake tangu lini, na kwa njia gani? Wazee wa Kimakonde walihesabu ukoo, yaani litawa, kwa upande wa mama. Aliyeanzisha makazi alikuwa mkulungwa wa eneo lake, yaani chirambo, na mgeni aliyetaka mahali alikwenda kwake kuomba. Alipewa ili akae: afyeke, ajenge, alime, azike na kuzikwa pamoja na wenzake. Hakupewa ili afunge mpaka, aondoke, kisha arudi baada ya miaka kumi kuuliza bei. Hatusemi kwamba desturi hiyo ilikuwa haina kasoro. Mkulungwa aliweza kupendelea, na wanawake ambao damu ya ukoo ilipitia kwao hawakuwa daima ndio waamuzi wa ardhi ya ukoo huo. Lakini kiini chake kilikuwa sahihi: haki ya ardhi hutokana na kuitumia na kukubaliwa na majirani.

Kiini hicho hakikufia katika chirambo. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka ardhi ya Tanganyika igeuzwe kuwa mali ya watu binafsi, Mwalimu Nyerere alipinga katika kijitabu chake Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika nchi ya maskini wengi na matajiri wachache, ukiruhusu ardhi iuzwe kama nguo, haitapita karne moja kabla wenye fedha hawajawa wenye nchi na wenye nchi hawajawa wapangaji. Mwaka 1963 umilikaji huo wa daima ulifutwa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimeendelea kutamka kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini; kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji; na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kwa hiyo mtu anayeandikiana na dalali kwenye karatasi ya daftari, chini ya mwembe, mbele ya mashahidi wawili waliolipwa soda, hauzi chake peke yake. Anauza neno la mkutano ambao haukuitwa.

Wapo pia wasemao kwamba mji haukui bila wanunuzi, na kwamba sisi twataka Nanganga ibaki porini. La hasha. Waswahili walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi cherehani ajaye kufungua kibanda, mwalimu astaafuye na kujenga, mfanyabiashara aletaye mashine ya kukoboa, hao wote ni wageni ambao mwenyeji hupona kwao. Tunayempinga ni yule anunuaye ili angoje. Hajengi, hapandi, hahudhurii msiba wala mkutano. Kazi yake ni kuweka nguzo nne za zege na kusubiri kazi ya wengine impandishie bei. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lami hujengwa kwa kodi ya wananchi, shule hujengwa kwa michango na nguvu zao, maji huletwa kwa jasho lao. Naye, asiyebeba hata tofali moja, huja siku ya mwisho kukusanya faida ya vyote hivyo. Huo tuliwahi kuuita unyonyaji, na hatuoni sababu ya kulibadilisha jina lake.

Matokeo yake yanajulikana. Huko Dar es Salaam, mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo mapya kama Kibada, Gezaulole na Bunju kwa nia njema ya kuwapatia watu makazi yaliyopangwa. Hata hivyo viwanja vingi vilikaa miaka mingi vikiwa vichaka, huku wahitaji wakiendelea kujibana mabondeni. Mjini Mtwara, habari za gesi za miaka ya 2012 na 2013 ziliwapandisha watu mori wa kununua ardhi; mwaka 2015 bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam likazinduliwa, na mengi yaliyotarajiwa mjini hapo hayakutokea upesi. Na wazee wa Nachingwea wangali na hadithi ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kutupwa mwaka 1951, na reli iliyokuja nyuma yake ikang'olewa katika miaka ya 1960. Ukuaji unaotegemea matarajio ya mtu aliye mbali huondoka naye anapoondoka. Unaobaki ni ule wa watu waliokaa.

Tena, tazameni kuta za nyumba katika miji yetu. Mara ngapi tumesoma maneno yaliyopakwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI? Mgeni wa nchi angedhani ni maringo ya mwenye nyumba. Sivyo. Hiyo ni sauti ya hofu: mke aandikaye ili mume asiuze kwa siri, warithi waandikao ili mjomba asiwatangulie kwa dalali, mwenye nyumba aandikaye ili tapeli asimuuze angali hai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini sheria isiyojulikana kijijini hulindwa kwa kopo la rangi. Jamii ambayo nyumba zake hulazimika kusema kwa maandishi kwamba haziuzwi imekwisha kukubali kwamba kila nyumba ina bei.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni hii: mwenye njaa hawezi kungoja. Hiyo hatuidharau. Ni rahisi kwa mwenye mshahara kumhubiria subira mama aliyefukuziwa mtoto shule. Lakini tukumbuke jinsi kangomba ya korosho ilivyopunguzwa. Haikupunguzwa kwa mahubiri, wala kwa kila mkulima kukaza moyo peke yake. Ilipunguzwa pale wakulima walipopata ghala: mahali pa kungojea pamoja. Ardhi nayo inahitaji ghala lake. Ghala hilo ni mkutano wa kijiji unaopanga matumizi ya ardhi kabla dalali hajafika. Unaopima viwanja kwa futi na mita, si kwa hatua. Unaotenga mahali pa soko, shule, makaburi na vijana wa kijiji wenyewe. Na unaomwekea kila apewaye sharti la kujenga kwa muda uliotajwa, akishindwa arudishe. Mwenye shida naye aonyeshwe njia nyingine kabla ya kuuza. Akodishe kwa miaka kadhaa. Au ajenge chumba kimoja cha barabarani kwa fedha za msimu, kisha cha pili msimu ufuatao, na kupangisha. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za Kariakoo ya zamani zilivyokuwa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, mwenye nyumba akikaa chumba kimoja na wapangaji vingine, wote wakichota maji mahali pamoja. Mtaa ulikua, na mwenyewe alikua nao.

Kwa mnunuzi tuna maneno machache, na wengi wa wanunuzi hao ni watumishi wasomi, wenye kukopa kazini na kutafuta kiwanja cha bei rahisi mahali panapokua. Kununua si dhambi. Lakini kabla ya kuhesabu fedha, mnunuzi na aulize: je, mke au mume wa muuzaji amekubali, na ndugu wa ukoo wanajua? Je, kijiji kimeketi na kuidhinisha? Je, mimi nakuja kuishi hapa, au kujenga kitu kitakachotumiwa na wanaoishi hapa? Anayejibu ndiyo mara tatu ni jirani, apokewe kwa mikono miwili. Anayeshindwa kujibu ni mlanguzi, hata akiwa na shahada.

Na kwa walimu wa shule za sekondari twapendekeza zoezi moja. Wanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu watumwe wachore ramani ya kijiji chao, mkorosho kwa mkorosho na nyumba kwa nyumba. Wapake rangi moja palipo na mtu anayeishi, na rangi nyingine palipo na nguzo za zege peke yake. Kisha waulize wazee nani aliuza, mwaka gani, kwa bei gani, na fedha zilifanya nini. Ramani hiyo isifungiwe kabatini. Ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ibandikwe ukutani, na wajumbe waijadili kabla msimu wa korosho haujakwisha na dalali hajarudi.