Jumamosi ya Nani?

Mwaka 2009 nilikodisha mikarafuu yangu 14. Aliyekodi alikuja na karatasi mbili zilizopigwa chapa, akanisomea, tukakubaliana misimu miwili, na mimi nikaomba kalamu. Nikaandika jina langu na la baba yangu kwa herufi nilizofundishwa chuoni na marehemu maalim wangu, yaani herufi za Kiarabu, kwa mwandiko ambao mpaka leo nauonea fahari kidogo. Kijana aliyeletwa kuwa shahidi akaichukua ile karatasi, akaigeuzageuza, akasema: "Ami, hapa panatakiwa sahihi. Hii haisomeki. Weka dole gumba." Nikaweka dole gumba juu ya jina langu. Misimu miwili ilipokwisha nikenda kuchuma, nikaambiwa karatasi inasema minne.

Jamaa wakaja kunipa pole, na kila mmoja akaishia na neno lile lile: laiti ungelikuwa umesoma. Neno hilo liliniuma kuliko mikarafuu yenyewe. Mimi nilikuwa nimesoma. Msahafu niliuhitimu kabla sijabaleghe. Nikimwandikia binamu yangu aliyeko Maskati, nikiandika kwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo, naye akinijibu kwa herufi hizo hizo, na tukielewana mpaka bei ya kanzu. Kwa mamia ya miaka hivyo ndivyo Kiswahili kilivyoandikwa katika pwani hii, kabla wamishionari na serikali za kikoloni hazijatuenezea hizi herufi za Kirumi. Kamange na Sarahani, mafahali wawili wa ushairi wa Pemba, hawakungojea A, B, C ndipo wajibizane. Wangefufuka leo wakenda kutia sahihi hati ya shamba, wangesogezewa kidau cha wino wachovye kidole.

Nisifahamike vibaya. Herufi za Kirumi zina haja kubwa, na ndiyo maana nimekwenda kuzitafuta na mvi zangu. Lakini mtu anapoambiwa kuwa hajui kitu, ilhali anajua kitu chengine ambacho muulizaji hakijui, hiyo ni dharau, na dharau ndiyo inayowafukuza watu wazima darasani kuliko ugumu wa hesabu. Hata jina tulilopewa lina harufu yake. "Ngumbaru." Katika kamusi ni mtu mzima anayejifunza kusoma na kuandika, basi. Barazani ni tusi. Nilipoanza kwenda darasani wenzangu niliokua nao, niliovua nao na kuwazika wazee wetu pamoja, waliniuliza kama mama'angu kanifungia mkate.

Watu hao hao walikuwa wakiisimulia kwa mapenzi habari ya mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya nchi yake kufuta ada za skuli za msingi mwaka 2003. Filamu imetengenezwa juu yake, na ulimwengu mzima umempigia makofi. Mzee wa mbali ni shujaa. Mzee wa jirani ni kichekesho. Na Maruge alitaka nini? Alitaka aisome Biblia mwenyewe bila ya kusomewa, na akilipwa fidia ya kupigania uhuru aweze kuzihesabu fedha zake. Sioni tofauti baina ya haja hiyo na yangu. Alifariki mwaka 2009, mwaka ule ule wa dole gumba langu.

Kucheka kwa watu, hata hivyo, si ugomvi wangu mkubwa. Kucheka huchosha, na wamechoka. Ugomvi wangu ni na ratiba.

Darasa letu hapa Wambaa hukutana Jumamosi na Jumapili, saa mbili mpaka saa sita za mchana, katika chumba ambacho siku tano nyengine hukaliwa na watoto wa darasa la pili. Tuko 19: wanawake 14 na wanaume watano. Magoti yetu hayaingii chini ya madawati, lakini hilo tumelizoea. Nauliza tu: nani aliyesema kuwa Jumamosi ni siku ya mapumziko? Ni ya mapumziko kwa mtu anayefanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa na kulipwa mwisho wa mwezi. Mtu huyo ndiye aliyepanga ratiba, akatutazama kwa kipimo chake, akadhani na sisi siku hiyo tumekaa tu.

Bahari haijui Jumamosi. Kila mwezi mwandamo una mabamvua mawili, moja likifuata kuandama kwa mwezi na jengine likifuata mwezi mpevu, na baina yake kuna maji mafu. Siku za bamvua maji hutoka sana, na kutoka kwenyewe huwa kiasi cha saa nne au saa tano za asubuhi. Wakati huo ndipo wanawake wa vijiji vya pwani wanaposhuka: wenye mwani kwenye mwani wao, wenye kuvua pweza kwenye miamba, wenye chaza kwenye mchanga. Mwani umelimwa kwa biashara hapa Zanzibar tangu mwaka 1989, na wengi mno wa wakulima wake ni wanawake. Ni fedha yao, hawamwombi mume. Basi chukua takwimu ya mwezi uihesabu mwenyewe: takriban Jumamosi na Jumapili mbili katika kila mwezi huangukia bamvua, na saa ya darasa ni ile ile saa ya maji kutoka. Mama anaambiwa achague baina ya silabi na unga wa watoto. Anashuka pwani, naye katika daftari la mahudhurio anaandikwa "hakuja".

Sisi wa dagaa mambo yetu ni kinyume. Kazi yetu ni usiku wa kiza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa zetu hazimvuti samaki. Kiza kikiwa Ijumaa, mimi hurudi alfajiri ya Jumamosi, macho mekundu, nguo zina chumvi, na saa mbili natakiwa nikae nitofautishe b na d. Nimelala juu ya daftari mara nyingi, na mwalimu wetu, Mungu amjaalie, huniacha. Wale wanaokwenda dago hawaonekani wiki nzima nzima. Na karafuu zikipea usiniulize. Hapo hata watoto hukimbia skuli, seuze mama mwenye kulipwa kwa pishi.

Mwisho wa mwaka ripoti inakwenda juu, na huko juu inasomwa kwamba watu wazima wa vijijini hawana mwamko. Mwamko! Mtu aliyeamka saa nane za usiku kwenda kuvuta nyavu anaambiwa hana mwamko na mtu aliyeamka saa moja akakuta chai iko mezani.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka nje. Darasa lifuate mwezi. Wiki ya maji mafu tusome alasiri nne au tano mfululizo, wiki ya bamvua mlango ufungwe na hakuna anayeandikwa hakuja. Wanaume wa taa wasome usiku wa mbalamwezi. Takwimu ya mwezi mwandamo iko katika kila nyumba ya Pemba, na asiyekuwa nayo anatazama juu. Chuo cha Kurani kimekaa na watu hawa kwa karne nyingi kwa sababu kimejipanga kwa kalenda yao, kinafungwa Ijumaa na si Jumapili, na kimewasomesha maelfu bila ya mtu kulalamikia mwamko.

Nilipomweleza mwalimu wetu mpango huu alicheka, kisha akanyamaza. Akaniambia: "Na mimi je, Ami? Jumatatu mpaka Ijumaa nina watoto, Jumamosi na Jumapili nina nyinyi, na unataka uniongezee alasiri?" Hilo nalikubali, na sitaki kulipita kimya. Posho anayopewa haifai hata kutajwa. Mwalimu huyu anabebeshwa madarasa mawili kwa mgongo mmoja, na anayesema kwamba Jumamosi ndiyo nafasi pekee anasema kweli, maana hakuna aliyewahi kuajiriwa kwa ajili yetu sisi tu. Lakini tuseme hivyo basi. Tuseme kwamba darasa limewekwa Jumamosi kwa kuwa siku hiyo mwalimu hupatikana bure, tusiseme kwamba limewekwa Jumamosi kwa kutuonea huruma.

Kuna wanaonijibu kwamba fedha ziwekwe kwa watoto, wazee wamekwisha kula chumvi yao. Mwalimu Nyerere aliwajibu watu hao tangu mwaka 1964, alipokuwa akiutangaza mpango wa maendeleo wa miaka mitano: alisema lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu elimu ya watoto haitaleta athari katika uchumi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mwaka 1970 ukafanywa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huko Tanzania Bara, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39, na mwaka 1986 chini ya asilimia 10. Baadaye kampeni zikapoa. Lakini walisoma chini ya miembe na vibarazani, mara nyingi mchana kazi za shamba zikishakwisha, na waliowasomesha hawakuwa walimu watupu. Hata wanafunzi wa skuli za msingi waliwashikia wazee kalamu. Katika mikoa ya Ziwa ulikuwako mradi uliosaidiwa na UNESCO, uliokuwa na makao yake Mwanza, ambao vitabu vyake viliandikwa kwa kufuata kazi ya msomaji: cha pamba kwa mkulima wa pamba, cha ndizi kwa mwenye migomba, cha uvuvi kwa mvuvi. Hayo ni ya zaidi ya miaka 50 iliyopita. Sisi tumepewa kitabu cha watoto. Nahodha anayegawa samaki wa usiku mzima kichwani mwake, fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia, na asikosee hata mmoja, anaulizwa Juma mwenye maembe matatu akipewa mawili atakuwa na mangapi. Mimi nilijibu kwa adabu. Mwenzangu aliyekaa nyuma alimuuliza mwalimu kama maembe hayo ni ya Juma peke yake au ana mshirika.

Na hoja ya watoto haisimami hata kwa mfano wangu mwenyewe. Hapa Zanzibar elimu ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, kabla sijazaliwa. Hakuna aliyenidai ada. Nilitoka skuli darasa la tatu kwa sababu baba alihitaji mtu wa kuchota maji chomboni, na aliponichukua alinichukua siku za skuli, maana bahari ilikuwa haijui Jumatatu pia. Kama baba yangu angelikuwa anaweza kuisoma risiti ya karafuu zake, nadhani angeliniacha mwaka mmoja zaidi. Sina hakika. Alikuwa mtu mkali.

Darasani mwetu yumo mama wa watoto sita anayetaka kufika mpaka kwenye Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, kisha afanye wa kidato cha nne kwa kujitegemea. Watu wanamuuliza cheti hicho atakitundika wapi. Hakuna anayemuuliza swali hilo mtoto wa miaka 16, ambaye mara nyingi naye hana pa kukitundika. Mama huyu atakwama, naliona hilo, kwa sababu mbele yake kuna Kiingereza, na hakuna aliyepangiwa kumfundisha. Lakini akwame kwa Kiingereza, asikwamishwe na maji kupwa.

Juzi niliitoa karatasi ya mwaka 2009 kutoka katika mkoba wa marehemu mama nikaisoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno, ikanichukua kiasi cha robo saa. Imeandikwa misimu minne, kwa herufi na kwa tarakimu. Chini yake alama ya dole imepauka na jina langu limeanza kuonekana tena, isipokuwa ile alifu ya mwanzo.

Jumamosi ijayo ni tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Ni bamvua, na usiku wake ni mbalamwezi, kwa hiyo sisi wanaume watano tutakuwapo, tumelala vizuri. Mwalimu ataita majina, ataandika "hakuja" mara 14, kisha atafunga daftari na kutusomesha.