Oili ya klachi isikae kwenye chupa ya soda

Gari likishabadilishwa masta ya klachi, lazima hewa itolewe. Msaidizi anakanyaga pedali na kuishikilia. Fundi analegeza nipeli, oili yenye mapovu inatoka kupitia mpira mwembamba, kisha anakaza kabla pedali haijaachiwa. Wanarudia mpaka mapovu yaishe.

Hatari ipo kwenye chupa inayokinga oili hiyo. Kazi ikifanyika uani, Kayanga au Nkwenda, chupa ya soda au ya maji ndiyo huwa karibu, na mtoto mwenye kiu haulizi.

Oili hii ndiyo ile ya breki, DOT 3 au DOT 4. Nyingi zina kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo baadhi zina utamu na huharibu figo. Aliyekunywa anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa.

Mzazi, usimtapishe na usisubiri dalili. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Nyakahanga kwa Karagwe na Isingiro kwa Kyerwa. Beba na chupa.

Oili chafu isimwagwe kwenye migomba. Fundi aikinge kwenye kopo lake lenye alama, aondoke nalo.