SENTI YA BINTI WA LYON NA USTADHI WA MIONO



Baada ya kumhimidi Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), ndugu zangu katika imani, leo nina maneno ambayo najua yatawakera baadhi yenu. Nawaombeni msome mpaka mwisho ndipo mniandikie.

Kila mwaka, ile Jumapili inayotangulia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Wakatoliki dunia nzima hutoa sadaka ya namna moja. Haiendi kwenye bati la kanisa lao wala kwenye mafuta ya gari la padri wao. Inakusanywa, inapelekwa Roma, na kutoka huko inagawiwa kueneza dini yao katika nchi ambazo aliyetoa hatazikanyaga maisha yake yote. Utaratibu huo upo tangu 1926. Mama muuza mchicha wa kwetu hapa anatoa, na tajiri wa Ujerumani anatoa. Sisi siku hiyo tunapita nje ya kanisa tukienda zetu sokoni, na jioni tukikaa barazani tunasema, "Wenzetu hawa wana hela za wazungu, sisi tutawaweza wapi?"

Hayo maneno ya "hela za wazungu" nimeyasikia Bagamoyo, nimeyasikia Lugoba, na mara ya mwisho nimeyasikia Miono, yametoka kinywani mwa mzee ninayemheshimu sana. Sikumjibu pale pale, maana mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini nimekwenda kutafuta: hela hizo zilitoka wapi hasa, na zilikuwa hela gani?

Sikilizeni. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliingia Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Unguja, enzi za Sultani Majid bin Said. Wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wakapanda minazi na miembe, na waliooana pale baadaye wakapelekwa bara kuanzisha vijiji vipya vya Kikristo. Kimoja kiko Mhonda. Kingine, mwanzoni mwa miaka ya 1880, kikawa Mandera. Mandera hii hii, ndugu zangu! Ukishuka kutoka barabara kuu ya Segera ukishika njia ya Miono na Saadani, hapo ndipo unapoanzia.

Sasa nani alilipa? Tunadhani ni mfalme wa Ufaransa, au tajiri fulani mwenye meli. Hapana. Fungu kubwa lilitoka kwenye chama kilichoanzishwa mji wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1822. Aliyebuni mpango wake ni binti wa miaka ishirini na kitu, Pauline Jaricot, mtoto wa mfanyabiashara wa hariri. Mpango wenyewe ni mwepesi mpaka unatia aibu. Aliwaendea wafanyakazi wa viwanda vya hariri, wengi wao maskini, akawapanga kumi kumi. Kila mmoja atoe sou moja kwa wiki. Sou ni senti tano za kwao, sarafu ndogo ya mtu wa chini. Mmoja katika kumi anakusanya. Makumi kumi yana mkusanyaji wao wa mia, na mia kumi zina wa elfu. Basi. Mwaka 1843 askofu mmoja Mfaransa akaanzisha chama kingine, hicho cha watoto: mtoto anatoa sarafu yake kwa ajili ya mtoto wa nchi ya mbali asiyemjua. Sarafu za watoto wale ni miongoni mwa fedha zilizonunua watoto waliokuwa wakiuzwa soko la Unguja.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna jambo tunalolipita haraka. Watoto wale walikuwa wakiuzwa na nani? Misafara iliyowashusha pwani ilikuwa ya nani? Wengi wa wenye misafara walikuwa watu wanaoswali kama sisi. Dini yetu imeifanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada, imeifanya kuwa kafara ya viapo, na imeitengea fungu ndani ya zaka yenyewe. Fungu hilo limo katika aya ya sitini ya Surat At-Tawba, kila anayesoma fiqhi analijua. Lakini pwani yetu wakati ule nani alilitoa fungu hilo kwa wingi? Tuliliacha mezani, wakalichukua wengine. Nayasema haya kwa uchungu. Anayetaka kunikasirikia na akasirike, ila aniletee na jibu.

Najua wengine mmeshaanza kuandika: "Shekhe unawasifia makafiri." Sisifii itikadi yao. Itikadi yao na yangu hazikutani, na sina shaka yoyote juu ya dini yangu. Wala sisemi misheni ilikuwa safi yote, kwani mtu aliyekombolewa kwa fedha ya kanisa na kuwekwa kijiji cha kanisa hakuwa na uwanja mpana wa kuchagua dini. Ninachozungumzia ni yule mfumaji wa hariri anayempa mjumbe wa dini yake chakula wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi, bila kumwona. Mtume (s.a.w.) alichimba handaki Madina kwa rai ya Salman, rai iliyotoka Uajemi kwa waabudu moto. Hakuna sahaba aliyesema handaki lina ukafiri.

Tena jambo lenyewe asili yake ni letu. Kabla ya Hijra Mtume (s.a.w.) alimtuma Mus'ab bin Umayr (r.a.) aende Madina kufundisha. Mus'ab alikuwa kijana aliyelelewa katika raha Makka, akaacha yote. Alipofika Madina alikaa wapi, alikula nini? Alipokelewa na As'ad bin Zurara (r.a.), akamkalisha nyumbani kwake na kutembea naye kwa watu. Tunamtaja Mus'ab kwenye mawaidha mpaka tunalia. As'ad ni wangapi wanalijua jina lake? Na hadithi ya Zayd bin Khalid katika Bukhari na Muslim inatufahamisha kwamba anayemwandalia mahitaji yule anayetoka katika njia ya Allah naye anahesabiwa ametoka, na anayeiangalia vyema familia yake nyuma naye vilevile. Sasa familia ya ustadhi wako nani anaiangalia?

Niwaambie ninalolijua. Kuna kijiji ukanda huo wa kati ya Miono na mto Wami, sitakitaja. Kina madrasa ya miti na udongo, watoto hawapungui sitini. Ustadhi wake ni kijana aliyehifadhi, mwenye sauti ya kukufanya usitake aache kusoma. Asubuhi yuko porini anachoma mkaa, na saa kumi jioni anaingia darasani na vidole vyeusi. Mke wake amejifungua mwaka huu. Kamati ilimwahidi posho, akapewa miezi miwili, kisha kikaja kimya. Hakulalamika. Hawa ndio wale wanaofanana na waliotajwa mwishoni mwa Surat Al-Baqara, waliojifunga katika njia ya Allah, asiyewajua akawadhania wana uwezo kwa sababu hawaombi. Nilipomuuliza amefikiria nini, akasema rafiki yake amempatia bodaboda ya mkataba Chalinze. Akiondoka, watoto sitini wanabaki na nani? Na ukiwakuta miaka kumi baadaye wamebatizwa, utasema hela za wazungu?

Msikiti wa kijiji hicho, kwa taarifa yenu, ni mzuri. Una vigae, una kisima, na ukutani kuna kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili kutoka Ghuba, Allah amlipe kheri. Tumezoea hivyo. Mfadhili anajenga, sisi tunapiga picha, na kumlisha anayesalisha ndani yake hakuna aliyepangiwa. Ile hela ya wageni tunayowalaumu wenzetu kuipokea na sisi tunaipokea. Tofauti ni kwamba yetu inaishia kwenye saruji.

Wala si kwamba hatujawahi kuweza. Muulizeni mtu wa Bagamoyo habari za Sheikh Yahya bin Abdallah, huyo mnayemjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Alifika pwani mtoto mdogo, mtumwa, kutoka upande wa Kongo, akakulia katika nyumba ya Waomani. Mapadri walikuwa hapo hapo mjini na watoto wao waliokombolewa. Mtoto huyu akasoma, akawa khalifa wa Qadiriyya, akajipatia mashamba ya minazi, akasomesha watu kutoka bara, na alipofariki mwaka 1931 wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake walikuwa wameenea. Yeye na walimu wa namna yake ndio sababu mpaka leo ukiamka alfajiri Miono, kwa Wazigua na Wakwere, unasikia adhana. Walijiendesha kwa minazi, kwa wakfu, kwa wanafunzi kumlimia mwalimu, kwa pesa ya Alhamisi aliyokuja nayo mtoto chuoni. Ilikuwa sou yetu hiyo! Tumeiacha sisi wenyewe, hakuna padri aliyetunyang'anya.

Kwa nini tumeiacha? Wengi watasema umaskini. Mimi nasema hesabu. Watu wetu wanatoa. Akifa mtu, rambirambi inajaa. Harusi, kadi za michango zinagombaniwa. Hawatoi kwa kamati kwa sababu kamati haisomi mapato na matumizi. Chama cha Lyon kilikuwa na jarida. Barua za wamisionari, wakiwemo hawa wa Zanzibar na Bagamoyo, zilichapwa na kusambazwa kwa waliochangia, na mwenye sou yake akasoma habari za homa, za mafuriko, za nani amezikwa. Nendeni kwenye makaburi ya misheni Bagamoyo mkahesabu vijana waliofia pale. Aliyetoa aliambiwa. Sisi ukimuuliza mweka hazina wa msikiti salio ni shilingi ngapi, anakuuliza wewe una nia gani.

Basi tufanye hesabu yetu. Jero. Mia tano tu kwa wiki, bei ya bando linaloisha kabla ya Isha. Kaya kumi ni elfu tano. Makumi kumi, yaani kaya mia, ni elfu hamsini kwa wiki, laki mbili kwa wiki nne. Kwa mwaka ni milioni mbili na laki sita. Asiye na fedha taslimu, na mkulima mara nyingi hana mpaka msimu wa ufuta au korosho, atoe debe la mahindi likaandikwa. Si mali ya kumtajirisha mtu. Ni ya kumtoa ustadhi porini.

Wengine mtauliza kama inafaa kutoka kwenye zaka. Wanachuoni wamekhitalifiana juu ya upana wa fungu la fii sabiilillah, na sitaufungua mjadala huo hapa. Lakini ustadhi anayechoma mkaa ili watoto wale ni fakiri au maskini kwa hesabu yoyote, na kwa sifa hiyo anastahiki bila khilafu. Zaka yako mpe mkononi mwake, usimpitishie mtu. Jero ya wiki iwe sadaka, isichanganywe na zaka, na daftari lake liwe mbali.

Nina ombi kwa watu wa Miono, Mkange na Mandera mlioko Dar, Zanzibar na Muscat, maana najua mnanisoma. Msianze kwa kunitumia mimi fedha, sitazipokea. Msianze na kundi la watu mia mbili la kutumiana salamu za Ijumaa. Tafuta watu tisa unaowajua kwa sura na kwa baba zao, wewe uwe wa kumi. Chagueni madrasa moja tu. Mkusanyaji awe mwanamke kama mnaye mwaminifu, kina mama wa vikoba wametushinda wote kwa daftari. Kila mwisho wa mwezi ustadhi aandike au arekodi dakika mbili: watoto wangapi, nani amefika juzuu gani, paa limevuja au halijavuja. Mapato yasomwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kwa sauti, na aliyepungukiwa wiki hiyo asitajwe.

Kumi la kwanza likitimia, niandikieni jina la kijiji. Majina yenu bakini nayo.

Wabillahi tawfiiq.