Duru ya Pili Tuliyoipoteza Mwaka 2011

Tangu Rais Félix Tshisekedi alipotangaza mjini Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, nia yake ya kuunda tume ya kutafakari Katiba mpya, mazungumzo ya nchi yetu yamezunguka swali moja: je, Rais atabaki madarakani baada ya vipindi viwili? Baraza la Maaskofu Katoliki la Kongo, CENCO, limesema bila kuficha kwamba huu si wakati wa kubadili Katiba, na ibara ya 220 inakataza kugusa idadi na urefu wa vipindi vya urais. Juu ya hilo hatuna la kuongeza. Lakini kelele za swali hilo zimefunika jingine, ambalo linamhusu kila mwamini anayepanga mstari tangu alfajiri siku ya uchaguzi: mtu anahitaji kura ngapi ili aitwe Rais wa Wakongo wote?

Katiba tuliyoipitisha kwa kura ya maoni mwezi Desemba 2005, ikatangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006, ilitoa jibu lililo wazi. Ibara ya 71 ilidai zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Asipopatikana mwenye nusu hiyo, wawili wa kwanza wangerudi mbele ya wananchi kwa duru ya pili. Jibu hilo lilidumu kwa uchaguzi mmoja tu. Tarehe 20 Januari 2011, miezi kumi kabla ya uchaguzi uliofuata, ibara iliandikwa upya: anayewapita wenzake, hata kwa kura moja, hata akiwa na theluthi tu ya kura zote, ndiye mshindi.

Sababu zilizotolewa zilikuwa gharama na hofu ya fujo. Si sababu za kudharauliwa. Nchi yetu ni pana, barabara ni chache, na kupeleka masanduku ya kura mara mbili katika vijiji vinavyofikiwa kwa mtumbwi si kazi ndogo. Na wanaokumbuka Kinshasa ya Agosti 2006 wanakumbuka milio ya silaha nzito kati ya walinzi wa Joseph Kabila na wale wa Jean-Pierre Bemba, mara tu matokeo ya duru ya kwanza yalipotangazwa.

Hata hivyo, tutazame kilichofuata mwaka huo huo. Wagombea walikuwa 33. Kabila alipata asilimia 44.81, nyingi zikitoka mikoa ya mashariki. Bemba alipata asilimia 20.03, akitegemea magharibi. Ramani ya kura iliigawa nchi vipande viwili, na kila mtu aliiona. Kama sheria ya 2011 ingekuwepo siku ile, mambo yangeishia hapo, na mshindi asingelazimika kubisha hodi mlangoni kwa yeyote. Kwa sababu ya duru ya pili, alilazimika. Alimwendea Antoine Gizenga, mzee wa Bandundu aliyekuwa naibu wa Patrice Lumumba mwaka 1960 na aliyekuwa wa tatu kwa asilimia 13; akamwendea pia Nzanga Mobutu, mwana wa yule ambaye baba yake mwenyewe alimwondoa madarakani. Gizenga akawa Waziri Mkuu. Mtu anaweza kusema kwamba ulikuwa ugawaji wa vyeo, na hatakosea sana. Lakini ulimfanya mtu wa mashariki atafute kura za magharibi na kuzilipia kwa kugawana madaraka, jambo ambalo hakuna aliyelazimika kulifanya kwa kiasi hicho tangu 2011.

Uchaguzi wa Novemba 2011 ulimpa Kabila asilimia 48.95 na Étienne Tshisekedi asilimia 32.33. Hapo ndipo Kardinali Laurent Monsengwo aliposema kwamba matokeo hayo hayakulingana na ukweli wala haki. Kisha ukaja ule wa tarehe 30 Desemba 2018, ambao tuungojea miaka miwili zaidi ya muda wake, na ambao pengine usingefanyika kabisa bila makubaliano ya mkesha wa Mwaka Mpya wa 2017 yaliyosimamiwa na maaskofu. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu akiwa na takribani 34.8. CENCO, iliyokuwa na waangalizi wapatao 40,000 nchini kote, ilisema kwamba takwimu ilizokusanya hazikuafikiana na matokeo hayo.

Tuache kwa muda mabishano ya hesabu, tuchukue takwimu rasmi kama zilivyo. Pengo kati ya hao wawili lilikuwa kura zipatazo 684,000. Na ndugu zetu wa Beni na Butembo, pamoja na wa Yumbi kule Mai-Ndombe, ambao kwa jumla walikuwa zaidi ya milioni moja katika daftari la wapiga kura, waliambiwa wasubiri hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola, usalama na mapigano ya kikabila. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari. Walipofika kwenye vituo, walichagua wabunge tu. Watu wa Beni hawakukubali kimya: tarehe 30 Desemba walipanga mistari na kupiga kura zao wenyewe kwa karatasi, wakijua fika kwamba hakuna atakayezihesabu. Laiti ingekuwepo duru ya pili, mgombea yeyote angelazimika kuwakumbuka.

Watetezi wa duru moja wataleta mfano wa Desemba 2023, ambapo Rais alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 73. Duru ya pili isingehitajika. Ni kweli. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya mwaka ambao mshindi amewaacha wenzake mbali sana. Inatungwa kwa ajili ya mwaka kama 2018.

Kuhusu Bunge, neno fupi. Viti 500 hugawanywa kwa kila eneo kulingana na idadi ya walioandikishwa kupiga kura, kwa kuwa sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Maana yake ni kwamba vita vinapowafukuza watu, vinaweza pia kuwanyima sauti: mwaka 2023 wakazi wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa. Baraza la Seneti lina ugonjwa wake. Maseneta huchaguliwa na wabunge wa mikoa, makumi machache ya watu katika kila mkoa, na kura chache hivyo ni rahisi kununuliwa. Machi 2019 tuhuma za rushwa zilifikia hatua ya kusimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta wateule. Kama kuna mahali ambapo uchaguzi wa moja kwa moja na wananchi unastahili kujadiliwa, ni hapo.

Kanisa halichagui mfumo wa kura kwa niaba ya raia. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1991, *Centesimus annus*, aliithamini demokrasia kwa kipimo ambacho inawahakikishia raia nafasi ya kuwachagua viongozi, kuwawajibisha, na kuwabadilisha kwa amani. Kwa maoni yangu, Rais aliyekataliwa na zaidi ya wapiga kura sita kati ya kumi hawezi kukidhi kipimo hicho kwa urahisi, hata akiwa mtu mwema. Nakiri pia kwamba duru ya pili iliyohesabiwa gizani itakuwa hasara maradufu. Mwaka 2018 matokeo ya kila kituo hayakuchapishwa, na bila hayo raia hawezi kuhakiki chochote.

Je, hili lifanyike sasa? Hapana. Ibara ya 219 inakataza marekebisho yoyote wakati wa vita au wa utawala wa dharura wa kijeshi, na Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala huo Mei 2021. Maaskofu wana haki wanaposema tusubiri. Lakini kusubiri si kulala. Ibara ya 218 inatoa haki ya kupendekeza marekebisho si kwa Rais, Serikali na Bunge pekee. Inaitoa pia kwa raia 100,000 wakitia saini ombi na kulipeleka kwenye mojawapo ya mabaraza mawili ya Bunge. Ombi la kurudisha maneno ya ibara ya 71 kama yalivyokuwa mwaka 2006 lingetosha karatasi moja, na lisingegusa hata herufi moja ya ibara ya 220.