Kampala: Somo la soko la Nakasero kwa wasanifu wa mifumo

Aprili 2024, wafanyabiashara katikati ya Kampala walifunga maduka wakipinga EFRIS, mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Malalamiko hayakuhusu kodi pekee. Wengi walisema hawakuuelewa mfumo wenyewe.

Miaka minne kabla, soko la Nakasero lilionyesha upande wa pili. Vizuizi vya corona vilipowaweka wateja majumbani, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na kampuni ya Jumia waliwaunganisha wachuuzi na wanunuzi kwa mtandao. Mchuuzi alibaki kibandani akiuza alichozoea kuuza. Kilichobadilika ni njia ya kumfikia mteja.

Ni kweli, kodi haipendwi popote. Hata hivyo, kiongozi wa timu ya wasanifu asiyewatoa watu wake ofisini, wakamwona muuza nyanya akihesabu chenji huku simu ikiita, hupokea michoro mizuri ya tatizo asilolijua. Wajibu wake wa kwanza ni kuulinda muda wa kusikiliza na kufanya majaribio madogo. Kosa likigunduliwa sokoni mapema, hugharimu siku chache za kazi. Likichelewa, hufunga maduka.