Gari jipya la mkulima lihesabiwe kwa magunia

Nakumbuka vizuri namba iliyoonekana kwenye dashibodi siku ile: kilomita 11. Ilikuwa Oktoba 2016, kwenye duka la magari mjini Arusha, na mbele yetu ilisimama pikapu nyeupe ya tani moja ambayo haijawahi kuwa ya mtu. Viti vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Baba aliizunguka mara mbili, akagusa tairi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Na hili kweli halijatoka kwa mtu?”

Swali lake lilikuwa la msingi. Hapa Tanzania wengi wetu tukisema gari jipya tuna maana ya gari lililoendeshwa miaka mingi Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam na kupewa namba mpya. Miaka ile mtu akija na namba D kijijini, alisifiwa kuwa amenunua gari jipya, hata kama injini yake ilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la sita. Gari la dukani, lenye kilomita 11, lilikuwa jambo la serikali, la mashirika na la kampuni kubwa za utalii. Halikuwa jambo la mkulima wa mbaazi na mahindi kutoka Daa, wilayani Karatu.

Tulirudi nalo taratibu kama watu waliobeba mayai. Makuyuni tulisimama kunywa chai, tukakaa mahali pa kuliona. Tulipopanda mlima wa Mto wa Mbu na Ziwa Manyara likabaki chini yetu, Baba alifungua kioo, akakifunga, akakifungua tena. Karatu mjini tukaacha lami na kuingia kwenye vumbi jekundu. Nyumbani wazee walikuwa wakitusubiri, na mmoja wao akatoa slufay, dua yetu sisi Wairaqw, akiombea gari kama anavyoombea shamba na mifugo. Mama alikataa nailoni za viti zisitolewe. Alisema zitatolewa deni likiisha.

Ndugu msomaji, deni halikuisha kwa namna tuliyopanga, na aliyekosea mahesabu ni mimi. Ndiyo maana naandika makala haya.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 29, nimehitimu uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na nilikuwa nimeajiriwa. Baba alipopata wazo la gari, kazi ya kuandika mchanganuo wa mkopo ilikuwa yangu. Bei ya gari ilikuwa Sh42 milioni. Baba alitoa Sh17 milioni, ambazo ni akiba ya misimu mitatu pamoja na fedha za ng’ombe watano. Sh25 milioni zilizobaki zilitoka benki, kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni linalobaki. Marejesho yakawa Sh904,000 kila mwezi. Benki ilishika kadi ya gari, na juu yake ikashika hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba.

Shamba letu ni la ekari 25. Mwaka mzuri linatupa magunia 70 ya mbaazi ya kilo 100, na mahindi magunia kama 150. Mwaka 2015 wanunuzi walikuja hadi mlangoni wakitoa Sh2,000 kwa kilo ya mbaazi. Mwaka 2016 bei ilikuwa imeanza kulegea, lakini katika mchanganuo wangu niliandika Sh2,000, kwa sababu ndiyo bei niliyotamani iendelee. Kwa bei hiyo marejesho ya mwezi mmoja yalikuwa magunia manne na nusu. Ya mwaka mzima yalikuwa magunia 54 kati ya 70. Nikaongeza kwamba gari lingebeba pia mizigo ya majirani kwa malipo. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri kabisa.

Kitu nilichokijua darasani na kukisahau nyumbani ni hiki: sisi wa Karatu hatuli mbaazi nyingi. Watu wa pwani huzipika kwa nazi, lakini za mikoa ya kaskazini zimelimwa zaidi kwa ajili ya kuuza nje, na mnunuzi mkubwa ni mmoja tu, India. Bei ile ya 2015 haikutokana na ubora wa jembe letu. Mvua za India zilikuwa mbaya mwaka 2014 na 2015, mazao ya jamii ya kunde yakapungua kwao, wakanunua kwetu kwa bei yoyote. Mwaka 2016 mvua zao zikawa nzuri, wakavuna kwa wingi, bei ikaanguka kwao na wakulima wao wakalalamika. Agosti 5, 2017, serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje, isipokuwa zile za makubaliano ya kiserikali.

Kwa maneno mengine, gari letu lilinunuliwa na ukame wa India, na likachukuliwa na mvua za India. Mvua za Daa hazikuhusika.

Tangazo lile lilitukuta tukiwa tumeshalipa marejesho kumi, na mbaazi zikiwa zinakomaa shambani. Tulipovuna, mnunuzi wa kwanza alitaja Sh300 kwa kilo. Baba alidhani amesikia vibaya. Kwa bei hiyo marejesho ya mwezi mmoja yaliruka kutoka magunia manne na nusu hadi magunia 30. Mavuno yote, magunia 70, yalikuwa na thamani ya Sh2.1 milioni. Mwaka mzima wa kulima, kupalilia na kuvuna ulitosha kulipa miezi miwili na siku chache.

Na ile biashara ya kubeba mizigo ya majirani? Majirani nao walikuwa na mbaazi zile zile ghalani. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzisafirisha, wala fedha ya kulipia gari. Nilidhani nimeiwekea familia mguu wa pili wa kusimamia, kumbe ulikuwa mguu ule ule. Hili ndilo kosa ambalo wataalamu tunalifanya mara nyingi: tunahesabu mapato mawili bila kuuliza kama yote mawili yanaanguka siku moja.

Kuanzia Septemba 2017 hadi Januari 2018 tulilipa kwa fedha za mbaazi, kwa ng’ombe wengine wawili, na kwa mshahara wangu. Januari ilipokwisha tulikaa chini. Mimi nilishauri tusubiri. Nilieleza kwamba bei za mazao hupanda na kushuka, kwamba India haiwezi kukaa muda mrefu bila mbaazi zetu, na kwamba kuuza gari la miezi 16 ni kukubali hasara. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, ng’ombe akikaa bila kazi anazaa. Gari likikaa linazeeka. Na hati ya shamba iko kwa watu.”

Februari 2018 aliliuza kwa Sh26 milioni. Deni lilikuwa limebaki Sh16.2 milioni, tukalimaliza, hati ikarudi nyumbani. Mkononi zilibaki Sh9.8 milioni. Ukijumlisha malipo ya awali na marejesho 15, tulikuwa tumetoa zaidi ya Sh30.5 milioni. Fedha chache zilizopatikana kwa kubeba mizigo ziliishia kwenye mafuta, bima na matengenezo. Hivyo gari lile lilitugharimu karibu Sh1.3 milioni kwa kila mwezi tuliokaa nalo.

Laiti tungenisikiliza mimi tungepoteza shamba. India haikuondoa kikomo chake mwaka uliofuata, wala uliokuja baada ya huo. Iliruhusu mbaazi kuingia bila kikomo Mei 2021. Mkopo wetu wa miezi 36 ulitakiwa uishe Oktoba 2019. Baba, ambaye hakuingia darasa lolote la uchumi, alitofautisha mali inayozaa na mali inayozeeka. Mimi nilikuwa na shahada na nilikuwa nimelipenda gari.

Nayaeleza haya kwa sababu bei ya mbaazi iliporudi juu mwaka 2023, maswali nayo yalirudi. Vijana waliouza vizuri wameniuliza kuhusu mikopo ya pikapu, na baadhi yao wanataja bei ya msimu mmoja kama vile imeandikwa kwenye katiba. Wananiambia pia kwamba siku hizi riba ni nafuu. Ni kweli kwamba Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na hilo ni jambo jema. Lakini tufanye hesabu. Mkopo wetu wa Sh25 milioni kwa riba ya asilimia 10 ungedai kama Sh807,000 kwa mwezi. Kwa mbaazi ya Sh300 hayo ni magunia 27 badala ya 30. Riba nafuu ingetuokolea magunia matatu. Yaliyotuangusha ni yale mengine 27.

Sisemi mkulima asinunue gari jipya. Heshima ya kuendesha kitu ambacho hakijatoka kwa mtu haipaswi kuwa ya watu wa mjini peke yao. Mwenye maji ya chemchemi kule Mang’ola, anayevuna vitunguu zaidi ya mara moja kwa mwaka, ana mizigo na fedha kila baada ya miezi michache. Anayekusanya maziwa ana kazi ya gari kila asubuhi. Kwa watu kama hao gari linaweza kujilipa. Kwa mwenye zao moja linalovunwa mara moja na kununuliwa na nchi moja, hesabu ni nyingine kabisa.

Ushauri wangu ni wa mambo manne, na yote nimeyalipia.

Kwanza, badilisha marejesho ya mwezi yawe magunia. Usitumie bei ya mwaka jana, tumia bei mbaya kuliko zote unayoikumbuka. Kama magunia hayo yanazidi mavuno yako, acha gari dukani.

Pili, hesabu siku ambazo gari litafanya kazi kweli. Magunia yetu 220 ya mbaazi na mahindi, kwa pikapu ya magunia kumi, ni safari 22 kwa mwaka. Kukodi gari hadi Karatu mjini kulikuwa Sh60,000 kwa safari, yaani Sh1.32 milioni kwa mwaka mzima. Hiyo ni karibu sawa na gharama ya gari letu kwa mwezi mmoja.

Tatu, mapato ya pili unayoyategemea yatoke mahali pengine kabisa. Hili si la wakulima tu. Mwaka 2020, corona ilipozuia watalii, magari ya kwenda Ngorongoro yalisimama kwenye nyua za Karatu. Aliyekuwa na magari mawili hakuwa salama kuliko mwenye moja, kwa kuwa yote mawili yalimngoja mtalii yule yule.

Nne, usiweke hati ya shamba juu ya kitu kinachozeeka. Benki ikikataa gari lenyewe kuwa dhamana ya kutosha, imekueleza jambo kuhusu thamani ya gari hilo ambalo muuzaji hakukueleza.

Kwa upande wao, benki zetu zijifunze kalenda ya mkulima. Mtu anayevuna Septemba asidaiwe Aprili, wakati ghala ni tupu na palizi inadai vibarua. Na sisi maofisa na wachumi tunaoandika michanganuo, tuache kuweka bei moja kwenye safu nzima ya miaka mitatu. Tuweke tatu: nzuri, ya kawaida na mbaya, na mkulima aone zote kabla ya kutia sahihi.

Nailoni za viti vya gari lile bado ziko nyumbani. Mama alizitoa siku gari lilipouzwa, kwa sababu deni lilikuwa limeisha kama alivyosema. Anafunikia mbegu. Shamba bado ni letu, mbaazi bado tunalima, na mizigo tunakodi.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo, mzaliwa wa Daa, wilayani Karatu.