Kamera haifi siku ya apdeti

Niko hosteli, saa tano usiku, na leo nina la moyoni.

Jumanne nilikuwa na usaili wa nafasi ya fildi kwa njia ya video, saa nne asubuhi. Usiku wake laptop ikajisasisha, ikazunguka weee mpaka nikalala. Asubuhi nawasha, kila kitu kipo isipokuwa kamera. Naona giza tu! Jasho likanitoka, nikakimbia kwa fundi nje ya geti. Hata hakuigusa. Eti "kamera imekufa, elfu sitini. Au tupige window kwanza tuone." Elfu sitini, na bumu halijatoka!

Nilikaribia kukubali hilo la kupiga window, nikamkumbuka mwenzangu wa chumbani. Mwaka jana laptop yake iligoma kutoa sauti tu, akapigiwa window, na sura tatu za utafiti wake zikaenda na maji. Hakuwa na nakala popote. Nikabeba changu nikarudi hosteli.

Hoja yangu ni hii: kitu kilichofanya kazi jana kikigoma baada ya apdeti, mshukiwa wa kwanza ni apdeti, siyo kifaa. Wala si mambo mageni. Agosti 2016 Windows 10 ilipopata apdeti kubwa, kamera nyingi duniani ziligoma au kuganda, kwa sababu mfumo ulibadilisha namna programu zinavyopokea video kutoka kwenye kamera. Kamera zenyewe zilikuwa nzima kabisa, na baadaye Microsoft ikatoa marekebisho.

Basi kwa wenye Windows, kabla hujatoa hata mia, anza na vya bure. Angalia kama kuna kifuniko kidogo juu ya kamera, au kitufe cha kuizima kwenye kibodi. Kisha ingia Settings, sehemu ya Privacy, halafu Camera, uone kama programu zako zimeruhusiwa. Bado? Fungua Device Manager, tafuta kamera, ingia Properties, kwenye Driver bonyeza Roll Back Driver ili urudishe draiva ya zamani. Kama kitufe hicho kimefifia, iondoe kamera kwenye orodha hiyo kisha uwashe upya, mara nyingi mfumo utaitambua wenyewe. Yangu ilipona kwa kurudisha draiva. Dakika kumi, shilingi sifuri! Usaili niliuwahi, majibu bado nayasubiri.

Ikiwa kamera haionekani kabisa hata baada ya yote hayo, hapo huenda kweli ni waya au kamera yenyewe, nenda kwa fundi. Sisemi mafundi wote ni matapeli. Ila fundi asiyepima kwanza anabahatisha, na anabahatisha na kazi yako ya miaka mitatu.

Kuna wanaosema dawa ni kuzima apdeti moja kwa moja. Hapo siko nao, maana ndizo zinaziba mianya ya virusi. Ziahirishe tu ukiwa na usaili au mtihani kesho yake. Na jamani, nakala ya utafiti wako iwe na makazi mawili.

Ngoja nilale, kesho nina kipindi saa moja.